Taa ya UV na mashine ya ozoni kwenye bwawa la kuogelea: usitupe klorini kabla ya kusoma uzi huu

Mtunza Bwawa (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kazi ya kutunza mabwawa nimeifanya kwa muda wa kutosha kujua kwamba kila ninapokutana na mtu aliyetoka kununua taa ya urujuanimno, ambayo wengi wetu tunaiita taa ya UV, au mashine ya ozoni, swali lake la kwanza huwa ni hili: sasa klorini niiache lini? Nimeona ni vyema nilijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu fupi, ambalo ni "usiiache", halimridhishi mtu aliyekwisha kutoa fedha zake.

Nianze na bwawa moja nililoitwa kulitazama. Mwenyewe alikuwa amefungiwa taa mpya, akaambiwa kwamba mambo ya kemikali sasa yamekwisha, naye akaacha klorini kwa wiki tatu. Nilipofika, taa ilikuwa inawaka vizuri na kisanduku chake hakikuonyesha hitilafu yoyote, lakini maji yalikuwa na rangi ya kijani hafifu na sakafu ya upande wa kina kirefu haikuonekana. Nilipitisha kidole chini ya kidaraja cha ngazi, kikateleza kama kwenye kipande cha sabuni. Huo ulikuwa mwani. Ulikuwa umeota kwenye ngazi, kwenye viungo vya vigae na nyuma ya taa za majini, mahali ambapo mwanga wa UV haufiki hata siku moja, kwa kuwa taa yenyewe imefungiwa ndani ya bomba la chuma kwenye chumba cha pampu.

Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Taa ya UV hushughulikia maji yanayopita mbele yake, katika sekunde chache ambazo yanapita, na yakishatoka hapo hayabebi chochote cha kuyalinda. Ozoni nayo hubaki ndani ya maji kwa muda mfupi tu, kwa kawaida dakika na si saa, kisha hurudi kuwa oksijeni. Mtoto mwenye tumbo linalomsumbua akiingia majini, aliye karibu naye huweza kumeza funda la maji hayo muda mrefu kabla hayajafika kwenye chumba cha pampu. Katika muda huo, kinachosimama kati yao ni klorini iliyomo bwawani, au bromini kwa wanaoitumia.

Jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii ni hesabu ya mzunguko. Chukua bwawa la mita za ujazo 50 na pampu inayosukuma mita za ujazo 10 kwa saa. Mtu atasema kwamba baada ya saa 5 maji yote yamepita kwenye taa. Sivyo, kwa sababu maji yaliyosafishwa hurudi na kuchanganyika na yale ambayo hayajasafishwa, na pampu huvuta mchanganyiko huo. Maji yakichanganyika vizuri, baada ya mzunguko mmoja ni takriban asilimia 63 tu yatakayokuwa yamepita angalau mara moja. Baada ya miwili, asilimia 86. Baada ya mitatu, asilimia 95. Hayo ni katika bwawa lenye mipangilio mizuri ya matundu ya kurudishia maji. Bwawa lenye kona zilizotulia huwa nyuma ya hesabu hiyo.

Naomba nisieleweke kwamba ninavipinga vifaa hivi. Ninavipenda, na nitaeleza sababu. Ninachokipinga ni kuvipa kazi ambayo si yao.

Nahodha wa Kina Kifupi

Mkuu, ahsante kwa maelezo. Kama klorini bado inahitajika, basi faida ya taa ni nini? Mimi ninaona kama kulipia mara mbili kazi ileile moja.

Mtunza Bwawa

Ndugu Nahodha, swali lako ni la haki.

Taa ya kawaida ya shinikizo dogo la mvuke wa zebaki hutoa mwanga ambao sehemu yake kubwa ina urefu wa wimbi wa nanomita 254. Mwanga huo hunyonywa na DNA ya kijidudu na kuiharibu kiasi kwamba kijidudu hakiwezi tena kuzaana. Kinaweza kuwa hai kwa muda, lakini hakina uwezo wa kumwambukiza mtu. Hapo inaingia sababu kubwa kuliko zote ya kufunga taa, nayo ni kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, kinacholeta kuhara kwa majimaji kunakoweza kudumu wiki mbili. Katika maji yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7.5 na joto la nyuzi 25, bakteria wa E. koli hufa chini ya dakika moja na giardia, kimelea kingine cha tumbo, huhitaji kama dakika 45. Kriptosporidiamu huhitaji dakika 15,300, ambazo ni zaidi ya siku kumi. Wala chujio la mchanga halikizuii ipasavyo, kwa kuwa upana wake ni maikroni 4 hadi 6, ilhali mchanga peke yake hunasa vizuri chembe za maikroni 20 na kuendelea.

UV hukiweza kimelea hiki kwa urahisi wa kushangaza: kipimo cha milijuli 12 kwa sentimita ya mraba hutosha kudhoofisha asilimia 99.9 ya vimelea hivyo. Kinyume chake, virusi vya adeno huvumilia UV sana, lakini klorini huviua upesi. Kwa hiyo si kulipia kazi moja mara mbili. Kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake.

Faida ya pili ni hewa na macho ya waogaji. Ile harufu kali ambayo watu huiita harufu ya klorini si ya klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika. Ni ya kloramini, zinazotokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Bwawa linalonuka sana mara nyingi lina uhaba wa klorini huru, si ziada. Mwanga wa UV huvunja kloramini hizo, na kwa kazi hiyo taa za shinikizo la kati, ambazo hutoa mawimbi ya urefu mbalimbali, hufanya vizuri zaidi kwa sababu kila aina ya kloramini hunyonya mwanga wa wimbi lake. Anayeendesha bwawa la ndani lenye mafunzo ya watoto kutwa nzima ataitambua tofauti ndani ya siku chache, hasa kwa kikohozi cha walimu.

Msafi Daima

Mimi nina taa na ninatia klorini kila siku, lakini maji yangu yana ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Muuzaji amenishauri ninunue taa kubwa zaidi. Je, itasaidia?

Mtunza Bwawa

Usinunue kwanza. Taa haiondoi kitu ndani ya maji. Vumbi, mafuta ya ngozi, losheni ya kujikinga na jua, mwani uliokufa na chokaa iliyoganda vyote vitapita mbele ya taa na kurudi bwawani kama vilivyoingia. Tena ukungu wenyewe huipunguzia taa nguvu, kwa sababu kijidudu kilicho nyuma ya chembe hujificha kivulini, na maji yenye uchafu ulioyeyuka hunyonya mwanga kabla haujafika mbali.

Maji maangavu ni kazi ya chujio. Tazama geji ya shinikizo iliyo juu ya chujio lako. Ukiwa unajua shinikizo lake lilikuwa kiasi gani mara tu baada ya kuoshwa, na sasa limepanda kwa kama asilimia 25, muda wa kuliosha kwa kurudisha maji nyuma umefika. Kama halipandi kabisa hata baada ya wiki kadhaa za matumizi mengi, hiyo nayo si dalili njema: huenda mchanga umejitengenezea njia, na maji yanapita humo bila kuchujwa. Fungua kifuniko utazame. Nimewahi kukuta mchanga umeshikana kwa mafuta ya ngozi na kuwa mabonge magumu ya ukubwa wa ngumi, na maji yakipita pembeni mwake kama mto unavyolizunguka jabali.

Baada ya hapo pima pH. Ikiwa juu ya 7.8, klorini hupoteza nguvu zake nyingi na chokaa huanza kuganda, na ukungu wako unaweza kuwa huo huo.

Fundi Vali

Ninaheshimu mchango wa mwanzisha uzi, ila naona ozoni ameipunja. Nimefanya kazi kwenye mabwawa yenye ozoni, na maji yake yalikuwa na mng'ao ambao sijauona kwa taa wala kwa klorini peke yake. Tena tulikuwa tunatumia klorini kidogo mno.

Mtunza Bwawa

Fundi, ninakubaliana nawe, na ninashukuru umelileta jambo hili mapema kabla uzi haujaegemea upande mmoja.

Ozoni ni kioksidishaji chenye nguvu kuliko klorini. Christian Friedrich Schönbein, aliyeitambua mwaka 1840, aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunusa, na mji wa Nice nchini Ufaransa ulianza kuitumia kwenye maji ya kunywa mwaka 1906, kwa hiyo si jambo la jana. Katika bwawa, huchoma mabaki ya jasho na mafuta ambayo klorini ingelazimika kupambana nayo. Klorini ikipunguziwa mzigo huo, inabaki huru kwa kazi yake ya kuua vijidudu, ndiyo maana mlitumia kidogo. Na ule mng'ao una sababu yake: kwa kiasi kidogo, ozoni hufanya chembe ndogo mno zishikane na kuwa kubwa kiasi cha kunaswa na chujio. Lakini angalia, hata hapo anayezitoa chembe hizo ni chujio.

Hata hivyo mabwawa unayoyasema, kama ninavyohisi, yalikuwa na mtambo kamili: mashine inayopitisha hewa kavu au oksijeni kwenye umeme wa volti kubwa, venturi ya kuivuta ozoni ndani ya maji, tangi la kuyaacha maji na ozoni vikutane kwa dakika kadhaa, na kaboni amilifu ya kuimaliza ozoni iliyosalia kabla maji hayajarudi kwa waogaji. Kiwango cha Kijerumani cha DIN 19643 hupanga kazi kwa mtindo huo: kugandisha uchafu, kuchuja, ozoni, kaboni, na mwisho klorini. Klorini ipo hata huko.

Kilichojaa madukani kwa mabwawa ya nyumbani ni kitu kingine. Ni kisanduku kidogo chenye taa ya nanomita 185 inayotengeneza ozoni kidogo kutoka kwenye hewa inayoizunguka, na mpira mwembamba unaoingia kwenye bomba. Hakina tangi, na ozoni inapata sekunde mbili tatu tu za kufanya kazi. Si bure kabisa, ila mng'ao wa mabwawa yako hauwezi kutoka humo.

Msafi Daima

Je, ozoni ina hatari kwa mtumiaji? Chumba changu cha pampu kipo chini ya ardhi na kina mlango mmoja tu.

Mtunza Bwawa

Ina hatari, na chumba cha namna hiyo ndicho ninachokihofia zaidi. Ozoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, iwe ni kwenye sakafu ya chumba cha pampu au juu ya uso wa maji, palepale pua ya mwogaji ilipo. Hukereketa mapafu. Nchini Marekani kikomo cha mahali pa kazi ni sehemu 0.1 kwa milioni ya hewa kwa wastani wa saa 8. Pua hutambua harufu yake, ile inayofanana na ya hewa baada ya radi au ya mashine ya kunakilia iliyopata moto, hata kabla ya kufikia kikomo hicho, lakini huizoea baada ya muda mfupi. Usiitegemee. Weka kitambuzi cha ozoni karibu na sakafu, kiunganishwe na swichi ya mashine ili kiizime, na uwe na feni inayovuta hewa kutoka chini, si kutoka darini. Ozoni ambayo haikuyeyuka lazima ipitishwe kwenye kichujio cha kuiangamiza kabla ya kutolewa nje.

Mambo mawili ya mashine yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayoziua nyingi. Hewa yenye unyevu ikiingia kwenye umeme ule mkali, naitrojeni ya hewa na unyevu huo huishia kuwa asidi ya naitriki, nayo hula mashine kutoka ndani. Kikausha hewa si pambo. Pili, pampu ikizimika, maji hutaka kurudi nyuma kupitia mpira wa ozoni hadi kwenye mashine. Iweke juu ya usawa wa maji ya bwawa, na vali ya njia moja ibadilishwe kabla haijachoka, kwa sababu ozoni hula mpira wake.

Nahodha wa Kina Kifupi

Nimeshawishika. Nina nafasi ya kifaa kimoja tu. Ni bwawa la nje, la familia, na jua ni kali kutwa nzima. Nichague kipi, na nikifunge sehemu gani?

Mtunza Bwawa

Kwa bwawa la nje la familia, mimi ningeanza na chujio bora na pampu inayozunguka kwa muda wa kutosha, na baada ya hapo ndipo nifikirie taa ya UV. Kloramini hazikusumbui sana nje kwa kuwa upepo huziondoa na jua lenyewe huzivunja. Taa itakupa kinga dhidi ya vimelea visivyojali klorini, hasa kama watoto wadogo wanaogelea. Ozoni ningeiacha kwa mabwawa ya ndani yenye watu wengi na mtu wa kuisimamia kila siku. Wenye mabwawa madogo ya maji moto yanayotumia bromini wana sababu ya ziada ya kuitaka, kwa maana ozoni huirudishia bromini iliyotumika nguvu zake.

Mahali pa kufunga ni baada ya chujio, ili maji yaifikie taa yakiwa safi, na kabla ya sehemu ya kuingizia klorini, kwa kuwa mwanga huo huvunja pia sehemu ya klorini inayopita. Kisambaza klorini kiwe cha mwisho kabisa kwenye bomba. Taa iunganishwe na kitambuzi cha mtiririko: pampu ikisimama na taa ikaendelea kuwaka, maji yaliyofungiwa humo huweza kupata joto kupita kiasi. Tena soma kiwango cha mtiririko kwenye kibandiko cha taa. Ukipitisha maji mara mbili ya kiwango hicho, kila tone hupata takriban nusu ya mwanga uliokusudiwa.

Kwa jua kali utahitaji asidi ya sianuriki ya kuikinga klorini, kama miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Angalia vidonge vya trikloro, kwa sababu vina asidi hiyo ndani yake: kila miligramu 10 za klorini inayotoka humo huongeza kama miligramu 6 za asidi, nayo haiondoki isipokuwa kwa kupunguza maji. Ikizidi sana, klorini huonekana ipo kwenye kipimo lakini hufanya kazi kwa uvivu.

Fundi Vali

Niongeze kuhusu matunzo, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Taa ya shinikizo dogo hudumu kama saa 9,000, yaani mwaka mmoja na siku kadhaa ikiwaka bila kuzimwa. Baada ya hapo huendelea kuwaka rangi ya samawati ileile, lakini mwanga wa nanomita 254, ambao jicho halioni, umeshapungua. Hesabu saa, usihukumu kwa rangi. Na kamwe usiitazame ikiwa inawaka nje ya bomba lake. Huunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye.

Bomba la kioo cha kwatzi linaloizunguka taa nalo husahaulika. Zima umeme, funga vali zote mbili, mwaga maji, kisha litoe taratibu ukiwa na glavu safi. Mara nyingi utalikuta na utando wa rangi ya udongo, kama ule wa ndani ya birika la maji ya chumvichumvi. Siki au maji ya asidi ya sitriki huuyeyusha; usilikwaruze. Ukiligusa au kuigusa taa kwa vidole vitupu, futa kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya vidole huungua na kuacha doa. Badilisha na vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja wakati uleule.

Msafi Daima

Narudi na taarifa. Nilifungua chujio, mchanga ulikuwa mabonge kama mlivyosema. Nimeubadilisha, na baada ya siku mbili ninaona skrubu za kifuniko cha tundu la chini nikiwa nimesimama ukingoni. Ila nimepatwa na jambo jingine: kidonge cha kupimia klorini huwa cha waridi kwa nukta moja, kisha maji ya kwenye kichupa yanakuwa meupe kabisa. Nimeelewa kwamba klorini imekwisha, nikaongeza mara mbili. Bado ni vilevile.

Mtunza Bwawa

Simamisha kuongeza sasa hivi, na mtu yeyote asiingie. Ile waridi ya nukta moja ndiyo jibu lako: klorini imezidi mno kiasi kwamba inaifuta rangi ya kipimo chenyewe. Chukua kipimo kimoja cha maji ya bwawa, changanya na vipimo vinne vya maji yaliyotoneshwa, kisha pima na uzidishe jibu kwa 5. Rangi ikifutika tena, changanya kimoja kwa tisa na uzidishe kwa 10. Ukishapata namba, iache pampu izunguke na taa ikiwa imewashwa, ondoa turubai ili jua lisaidie, na upime tena asubuhi.